Jicho la Mgeni na Kinywa cha Dola: Uhakiki wa Filamu ya "Darwin's Nightmare"

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Maana ya methali hii ni kuwa hakuna awezaye kumzuia mwenzake asitazame. Kilicho wazi huonekana, apende mwenyewe au asipende. Walakini wahenga waliyasema hayo kabla ya kuja kwa kamera. Jicho la mtu hutazama na kusahau. Jicho la kamera hutazama na kuhifadhi, hukata na kuunga, kisha huyapeleka yaliyotazamwa mahali ambako mtazamwa pengine hatafika maisha yake yote. Hapo ndipo lilipo tatizo la sanaa ya picha. Mwenye kutazama na mwenye kutazamwa hawako sawa, na asiyekuwa na kamera hana njia nyepesi ya kumjibu aliye nayo.

Tatizo hili lina mfano wake mkubwa katika mji wa Mwanza. Mwaka 2004 ilitokea filamu ya maisha halisi iitwayo "Darwin's Nightmare", yaani Jinamizi la Darwin. Aliyeitengeneza ni Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria afanyaye kazi Ufaransa. Picha zake zilichukuliwa Mwanza na katika kambi za wavuvi kandokando ya Ziwa Viktoria. Filamu hiyo ilisifiwa mno huko Ulaya: ilipata tuzo ya filamu bora ya maisha halisi ya Ulaya mwaka 2004, ikapata tuzo ya César ya Ufaransa mwaka 2006, na mwaka huo huo ikawa miongoni mwa filamu zilizoshindania tuzo ya Oscar kule Marekani. Katika Tanzania ilipokewa kwa hasira. Rais aliinena kwa ubaya, watu wakaandamana, na baadhi ya walioonekana ndani yake wakasumbuliwa. Ni kazi chache za sanaa zilizopata kutukuzwa ng'ambo na kulaaniwa nyumbani kwa kiasi hicho, na kwa hiyo yafaa ipimwe kwa mizani ya uhakiki, mbali na makofi ya huko na makelele ya huku.

Asili ya filamu hii ni picha moja iliyomkaa mtengenezaji moyoni. Sauper ameeleza kwamba mwaka 1997, alipokuwa akitengeneza filamu juu ya wakimbizi wa Rwanda waliotawanyika katika misitu ya Kongo, aliona katika uwanja wa ndege wa Mwanza ndege kubwa mbili zikiwa pamoja. Moja ilikuwa imetoka Marekani na tani 45 za njegere za manjano kwa ajili ya kuwalisha wakimbizi. Ya pili ilikuwa ikiondoka kwenda Ulaya na tani 50 za samaki wabichi. Chakula kinaingia kwa jina la sadaka, na chakula kilicho bora kuliko hicho kinatoka kwa jina la biashara. Mtu hahitaji hotuba ili ahisi ubaya wa jambo hilo. Huo ni mfano kamili. Hauna mahali palipopungua wala palipozidi. Lau filamu ingalibaki katika mfano huo, mabishano mengi yaliyofuata yasingalitokea.

Mfano wa pili ni samaki mwenyewe. Sangara si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza, na kwa miaka mingi hakuonekana sana. Katika miaka ya 1980 alizaana kupita kiasi, akala samaki wadogo waliomtangulia, hasa jamii nyingi za furu, na mamia ya jamii hizo hazikuonekana tena au zilibaki kwa uchache sana. Sangara mkubwa aweza kuzidi kilo 100. Kwa ajili yake vilijengwa viwanda vya minofu Mwanza, Musoma, Kisumu, Entebbe na kwingineko. Minofu ilipelekwa ng'ambo, na mifupa pamoja na vichwa ikabaki. Masalia hayo ndiyo watu wa Mwanza waliyoyaita mapanki. Aliyepita mitaa ya Mwanza katika miaka ya 1990 aliwaona akina mama wakikaanga mapanki na kuyauza, na wanunuzi hawakukosekana.

Sauper anaukuza mfano huu kwa ustadi. Hasemi waziwazi kwamba mataifa yenye nguvu ni sangara na mataifa dhaifu ni furu. Anaweka picha kando ya picha, na mtazamaji anahitimisha mwenyewe. Samaki mkubwa apakiwapo ndegeni, mara huonekana watoto wa mitaani wakipigania chungu cha wali. Minofu meupe ikatwapo juu ya meza safi, mara huonekana mwanamke aliyezungukwa na funza akianika mapanki juani. Jina la Darwin limewekwa kwa makusudi hayo hayo: mwanachuoni yule alieleza jinsi viumbe waishivyo kwa kushindana, na filamu inauliza kama watu nao wameridhika kuishi hivyo. Mfano wa namna hii una nguvu kwa sababu unamshirikisha mtazamaji katika kuujenga. Lakini nguvu hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Mtu hulitilia shaka neno aliloambiwa na mwingine, wala halitilii shaka neno analodhani amelivumbua mwenyewe. Kasumba ya maneno humwingia mtu kwa masikio, naye aweza kuyaziba. Kasumba ya picha humwingia kwa fikra zake mwenyewe.

Jambo la tatu lastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa maana wahakiki wengi wamelipita mbio. Filamu hii imejaa watu wanaotazama na watu wanaolinda. Inaanza kwa kivuli cha ndege kipitacho juu ya maji ya ziwa, kisha inamwonyesha mwongoza ndege mnarani. Kazi yake ni kuliangalia anga, lakini mkono wake unashughulika na wadudu warukao penye kioo. Baadaye anatokea mlinzi wa usiku katika chuo cha uvuvi. Ameshika upinde na mishale yenye sumu. Mlinzi aliyemtangulia aliuawa na wezi, ndipo yeye akaipata kazi hiyo, na ujira wake kwa usiku mmoja ni kama dola moja ya Marekani. Mlinzi huyu anasema bila kusitasita kwamba vita ni jambo la heri kwa maskini, maana jeshi hulipa vizuri na hutunza watu wake. Haneni kwa ukatili. Ananena kwa hesabu ya mtu aliyeangalia pande zote asione mlango mwingine.

Mlinzi huyo ni mfano bora kuliko yote yaliyomo ndani ya filamu, naye hakubuniwa. Anakesha ili kulinda mali isiyokuwa yake, na wakati huo huo anakeshwa na jicho la kamera lisilokuwa lake. Analinda na anatazamwa. Hajui picha yake itakwenda wapi wala nani atakayeicheka au kuililia. Na kamera yenyewe iliingia nchini kwa kujificha. Sauper amekiri katika maelezo yake kwamba yeye na mwenziwe walijifanya marubani na wapakiaji mizigo ili wapate kupita katika viwanja vya ndege. Vijijini walidhaniwa kuwa wamisionari, na viwandani waliogopwa kama wakaguzi wa afya kutoka Ulaya. Mara kadhaa walikamatwa na polisi. Kwa hiyo upelelezi ulikuwa wa pande mbili. Dola ilimchunguza mgeni, na mgeni naye aliichunguza dola. Waliokuwa katikati, yaani wavuvi, akina mama na watoto, walitazamwa na wote wawili bila kuulizwa sana na yeyote.

Hukumu ya kujificha huko si nyepesi. Kama angaliomba ruhusa ya kuonyesha mapanki na biashara ya miili, ni vigumu kuamini kwamba angaliipata. Tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, mtengenezaji wa filamu alipaswa kupata kibali cha serikali kwanza, na kibali hupewa yule ambaye hadithi yake imeridhiwa kabla haijasimuliwa. Mficha uchi hazai. Nchi isiyotaka kidonda chake kionekane haipati mganga. Walakini aingiaye nyumbani kwa mtu kwa jina lisilo lake ana deni kubwa kuliko yule aliyebisha hodi. Deni hilo ni kuwa mkweli mara mbili katika atakayoyasema atokapo. Hapa ndipo filamu inapofaulu katika baadhi ya sehemu na kuanguka katika nyingine.

Inafaulu hasa pale inapoonyesha jinsi fikra za watu zinavyotekwa. Ndani ya filamu mna picha nyingine ndogo, kama vioo vilivyotundikwa ndani ya kioo. Katika ofisi ya kiwanda cha samaki mna samaki wa plastiki aliyepigiliwa juu ya ubao. Akibonyezwa hutikisa mkia na kuimba wimbo wa kumwambia mtu asiwe na wasiwasi. Mwenye ofisi anacheka. Hakuna maneno yatakayoeleza zaidi: samaki halisi amekatwa minofu nje ya dirisha, na samaki wa bandia anaimba furaha juu ya meza. Katika kambi ya wavuvi, watu wanakusanyika usiku mbele ya kitambaa cheupe kutazama sinema ya maisha ya Yesu, nyavu zikijaa samaki kwa muujiza. Wavuvi wale wanaishi kwa nyavu, na wengi wao wanakufa kwa ukimwi. Kinachowajia kutoka kitambaani ni samaki wengi zaidi. Haidhihakiwi dini hapo. Kinachoonyeshwa ni jinsi picha ya wingi inavyoweza kuwafunika wenye upungufu wasiuone upungufu wao.

Kioo cha tatu ni mkutano wa wakubwa waliokusanyika kuzungumzia hali ya ziwa. Wanaonyeshwa filamu ya kitaalamu juu ya kufa kwa ziwa, na kiongozi mmoja anasimama kulalamika kwamba filamu hiyo imeonyesha mabaya peke yake, nayo haikuyaonyesha mazuri. Mtazamaji wa leo hawezi kukitazama kipande hicho bila kushangaa. Sauper aliyanasa malalamiko ambayo baadaye yangeelekezwa kwake yeye mwenyewe. Ni kama aliyemwandikia mpinzani wake maneno, kisha mpinzani akaja akayasoma jukwaani neno kwa neno.

Inaanguka pale inapoacha kuwa mfano na kutaka kuwa ushahidi. Sehemu kubwa ya filamu imejengwa juu ya swali moja: ndege zinazokuja kuchukua samaki huleta nini? Mwanamume huulizwa, mwanamke huulizwa, mfanyakazi wa kiwanja huulizwa, rubani huulizwa. Wengi hujibu kwamba hazileti kitu, zinakuja tupu. Swali hurudiwa, na jibu hurudiwa, na kila jibu linapotolewa shaka huongezeka badala ya kupungua. Mwishowe mwandishi wa habari wa Mwanza anazungumzia silaha, na rubani mmoja kwa sauti ya huzuni anasimulia jinsi alivyowahi kupeleka mitambo ya vita Angola, kisha akapitia Afrika Kusini kuchukua zabibu za kupeleka Ulaya.

Ushuhuda wa rubani ni wa kweli kwa kadiri masikio yawezavyo kupima; uso wake hausemi uongo. Lakini anaisimulia Angola, wala si Mwanza. Mizigo ya kurudi ni zabibu, wala si sangara. Filamu inauchukua ukweli wa mahali pamoja na kuuweka juu ya mahali pengine, na kamba inayoviunga ni lile swali lililorudiwa tangu mwanzo. Hii ni mbinu ya zamani ya wenye kueneza habari: neno likirudiwa mara nyingi husikika kama limekwisha kuthibitishwa, na swali likirudiwa mara nyingi husikika kama jibu. Watu husema kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo yamfaa mwenye kupiga soga barazani. Haimfai mwenye kuituhumu bandari ya watu, hata kama ni bandari ya anga.

Mtetezi wa filamu atasema kwamba silaha zilipita katika viwanja vingi vya Afrika ya Mashariki na ya Kati katika miaka ile ya vita vya Kongo, Burundi na Angola, na kwamba marubani wale wale waliruka pande zote. Maneno hayo yana uzito, nayo hayakanushwi hapa. Lakini mhakiki haulizi kama jambo laweza kuwa kweli. Anauliza kama kazi iliyo mbele yake imelionyesha jambo hilo au imelidokeza tu. Imelidokeza. Na dokezo lililotiwa katika muziki wa huzuni na kivuli cha ndege humfikia mtazamaji wa Paris au Vienna likiwa na sura ya hakika. Huko Ufaransa filamu ilipoenea palitokea wito wa kuisusia minofu ya sangara. Waliotaka kuwaonea huruma wavuvi wa Mwanza walikuwa tayari kuwanyima wavuvi hao soko lao, na walifanya hivyo kwa moyo safi. Kasumba haichagui wabaya tu; hunywewa na wema pia, tena kwa haraka, kwa sababu wema hawajihadhari na hisia zao.

Upande wa pili wa habari ni ule wa dola. Tarehe 31 Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete alihutubia Mwanza na kuishutumu filamu kwamba imeipaka nchi matope na kwamba habari ya silaha ni ya uongo. Maandamano ya kuipinga yakafuata mjini humo. Mwandishi wa habari aliyezungumza ndani ya filamu alitiwa msukosuko na vyombo vya dola. Rais ana haki ya kuitetea nchi yake, na katika jambo la silaha alikuwa na hoja. Lakini jinsi hoja ilivyotolewa ndiyo inayostahili kuhakikiwa, maana nayo ni sanaa ya kuteka fikra.

Filamu ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kumbi za Ulaya, wala haikusambazwa kwa wenyeji kama kanga sokoni. Waliotakiwa kuikasirikia walitakiwa kukasirikia maelezo ya filamu, wala si filamu. Waliambiwa yaliyomo, wakaambiwa ubaya wake, wakaonyeshwa njia ya kuandamana. Hapo mtazamaji wa Vienna na mwandamanaji wa Mwanza wakawa ndugu bila kujuana: mmoja aliaminishwa na picha asizoweza kuzipima kwa kuwa hajafika Mwanza, na mwingine aliaminishwa na maneno asiyoweza kuyapima kwa kuwa hajaiona filamu. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Ngozi iliyovutwa huku na huku ilikuwa ni maisha ya watu wa ziwa.

Mabishano juu ya mapanki yanaonyesha jambo hilo vizuri. Upande mmoja ulidai kwamba mapanki ni chakula cha mifugo na kwamba filamu imewadhalilisha Watanzania kwa kuwaonyesha wakiyala. Upande wa pili ulidai kwamba ndicho chakula pekee kilichobaki kwa maskini. Mwanamke wa Mwanza aliyekaanga mapanki miaka mingi hakuhitaji kuambiwa na yeyote. Alijua kwamba yaliliwa, na alijua pia kwamba hayakuwa aibu. Kichwa cha sangara kina nyama, na mwenye watoto watano hutafuta nyama mahali ilipo. Dola iliona aibu mahali ambapo palikuwa na umaskini, na filamu iliona kinyaa mahali ambapo palikuwa na maarifa ya kuishi. Hakuna aliyemwuliza mwanamke huyo ladha ya mchuzi wake.

Tabia ya kuchunguza wenye kusema ina mizizi katika nchi, wala haikuanza mwaka 2006. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kiliweka utaratibu wa nyumba kumi, na mjumbe wa nyumba hizo alitakiwa kumjua kila mgeni alalaye katika eneo lake. Utaratibu huo ulikuwa na manufaa yake: ulisuluhisha ugomvi wa majirani, ulifikisha habari, ulizuia wezi. Katika nchi ya Wasukuma, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wenyewe waliunda sungusungu kulinda ng'ombe wao. Lakini ulinzi una tabia ya kukua. Aliyezoea kuuliza nani amelala kwako, hatimaye huuliza mgeni wako alisema nini, na baadaye huuliza wewe ulimjibu nini. Sheria za miaka ya karibuni, kama ile ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 na ile ya huduma za vyombo vya habari ya mwaka 2016, zimelipeleka swali hilo katika simu za mkononi. Mwandishi aliyehojiwa Mwanza kwa kuzungumza mbele ya kamera alikuwa ametangulia tu njia ambayo wengine wangepitishwa baadaye.

Ugomvi haukuishia Tanzania. Mwanahistoria mmoja wa Ufaransa, François Garçon, aliandika makala na kisha kitabu mwaka 2006 kuishambulia filamu. Katika hoja zake mlikuwa na mambo ya maana, hasa juu ya silaha ambazo hazionekani na juu ya manufaa ya viwanda ambayo hayakutajwa. Lakini hakutosheka na kuihakiki kazi. Alimtuhumu mtengenezaji mwenyewe kwa udanganyifu. Sauper alimshtaki kwa kumkashifu, na mahakama ya Paris ikampa haki mwaka 2008. Rufaa ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2009. Kuna funzo humo kwa kila mhakiki. Kusema kwamba kazi haikuthibitisha jambo ni uhakiki. Kusema kwamba mtu amesema uongo ni mashtaka, na mashtaka yanahitaji ushahidi ule ule ambao mhakiki anailaumu filamu kwa kuukosa.

Msomaji atauliza: kama jicho la mgeni lina kasoro na kinywa cha dola kina kasoro, picha ya kweli ya ziwa itatoka wapi? Jibu ni kwamba ilikwisha kuanza kutoka zamani, tena kutoka ng'ambo ndogo tu ya Mwanza, katika kisiwa cha Ukerewe. Aniceti Kitereza aliandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka katika Kikerewe mwaka 1945. Kitabu kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Humo ziwa halionekani kama jinamizi wala kama sifa ya taifa. Linaonekana kama mahali pa kazi, pa safari, pa kutafuta dawa na pa kuhofia mawimbi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa hicho hicho, alitoa "Rosa Mistika" mwaka 1971, nayo ikazuiwa kusomwa mashuleni kwa muda kwa kuwa ilisema waziwazi yale ambayo wakubwa walitaka yasemwe kwa siri. Ndani ya riwaya hiyo baba anamchunga binti yake kwa ukali usiokuwa na mazungumzo, na uchungaji huo ndio unaomwandaa binti kwa maangamizi. Kezilahabi aliyaona mapema yale ambayo mwaka 2006 uliyarudia kwa kipimo cha taifa: anayelindwa bila kuaminiwa hajifunzi kujilinda.

Tofauti ya waandishi hawa na filamu si ya ujuzi tu. Ni tofauti ya mahali aliposimama mwenye kutazama. Kitereza aliandika juu ya watu ambao wangeweza kumkuta njiani na kumwuliza kwa nini amesema hivi. Sauper alitazama watu ambao wasingeweza kumfikia. Mwandishi akijua kwamba atajibiwa hupima neno kabla ya kulitoa. Filamu iliyotengenezwa pasipo hofu ya kujibiwa na wenyeji wake huwa na ujasiri mwingi na uangalifu haba.

Hata hivyo si haki kuifunga hukumu bila kutaja sehemu mbili ambamo filamu yenyewe inavuka mpaka huo. Ya kwanza ni ile ya kijana mchoraji aliyewahi kuishi mitaani. Anachora maisha ya mitaa ya Mwanza kwa rangi: watoto, wanawake, ugonjwa, chakula. Picha zake hazina kivuli cha ndege wala muziki, na mtu aliyechorwa aweza kusimama mbele yake akaitambua sura yake, akaikubali au akaikataa. Ya pili ni ile ya mwanamke kijana aliyeuza mwili wake kwa marubani na ambaye aliuawa kabla filamu haijakamilika. Alikuwa ameimba mbele ya kamera wimbo wa kuisifu nchi yake. Baada ya kifo chake, wenziwe wanaonyeshwa picha ile, wanamtazama akiimba, na nyuso zao zinabadilika.

Ni katika dakika hizo chache tu ambapo picha inarudi kwa wenyewe. Mtazamaji wa Ulaya hapewi nafasi ya kwanza. Anachungulia tu nyuma ya mabega ya wenye msiba. Hapaulizwi ndege zimeleta nini. Hapana dokezo wala fumbo. Kuna mtu aliyekufa, na watu waliompenda, na kioo kidogo kinachowarudishia sauti yake. Lau filamu nzima ingalitengenezwa kwa kanuni hiyo, yaani kila aliyetazamwa apewe nafasi ya kujitazama na kusema neno lake juu ya alichokiona, dola ingalikuwa na shida kubwa zaidi ya kuikanusha, na mtazamaji wa mbali angalikuwa na shida kubwa zaidi ya kudanganyika.

Kwa hiyo thamani ya "Darwin's Nightmare" haiko mahali ambapo sifa zake na laana zake zote mbili zimepaweka. Haiko katika silaha. Filamu inayotoa tuhuma bila kuitimiza hudhoofisha hata ukweli mwingine iliyoubeba, na serikali iliikamata hapo hapo, ikawa kama mtu aliyeonyeshwa nyumba inayoungua naye akabishana juu ya rangi ya mlango. Thamani yake iko katika mlinzi wa usiku, katika samaki wa plastiki aimbaye, katika kitambaa cheupe cha kambini na katika nyuso za wanawake mbele ya picha ya mwenzao. Humo imeonyesha jinsi watu wanavyolindwa, wanavyotazamwa na wanavyotumbuizwa, na jinsi hayo matatu yanavyofanana.

Wajibu uliobaki ni wa wenyeji. Ziwa Viktoria lina waandishi na wachoraji, na siku hizi karibu kila kijana wa Kirumba au Igoma ana kamera mfukoni mwake. Kizuizi kimoja ni hofu, na cha pili ni mazoea ya kungoja kuambiwa na mwingine namna ya kujiona. Filamu ya mgeni hujibiwa kwa filamu, na kitabu hujibiwa kwa kitabu. Maandamano na polisi havijibu sanaa. Huitangaza tu, na kwa kuitangaza huifanya ionekane kweli kuliko ilivyo. Nchi inayowaruhusu watu wake kujionyesha kidonda chao wenyewe haitakuwa na sababu ya kumwogopa mgeni anayekipiga picha.